Bunduki ya Mzee Gilbert

Ambakisye alikuwa na suti tatu, na hakuna hata moja aliyoipenda kama kile kizibao cheusi alichoshonewa na Abdulkarim, fundi cherehani wa mtaa wa Cedar-Riverside, hukohuko Marekani alikohamia. Siku ya kupimwa, Abdulkarim alimuuliza harusi ni ya nani. Akajibu kwamba si harusi, ni mchezo: watu wazima wanavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani ya zamani, wanajipa majina ya bandia, kisha wanashindana kuangusha sahani za chuma kwa bunduki za enzi hizo. Fundi alicheka mpaka akajichoma na pini. Lakini kizibao kilimkaa mteja wake vizuri ajabu.

Mchezo huo aliujua kupitia marehemu mzee Gilbert, mmoja wa wazee aliowahudumia katika nyumba ya wazee kwenye kitongoji cha Golden Valley. Ambakisye ndiye aliyemnyoa, akamvisha na kumlisha kwa miaka, na mzee naye akamlipa kwa hadithi za bunduki yake ya marisau, ile ya kizamani ambayo kishikio chake cha chini ya mtutu huvutwa nyuma na kusukumwa mbele kabla ya kupiga. Wakati huo mikono ya mzee ilishaanza kutetemeka. Siku moja mwanawe, Alvin, alimjazia chai hadi ukingoni. Ikamwagika mapajani, na mzee akageukia ukutani kwa aibu.

Ambakisye alimvuta Alvin kando. "Mjazie nusu tu," alimwambia. "Na usimweleze kwa nini. Mpe kana kwamba vikombe vyote ndivyo vilivyo."

Gilbert alipofariki, Alvin alimkabidhi Ambakisye ile bunduki na kumwingiza katika klabu ya mchezo ule. Huko akajiita Rungwe, mlima wa kwao, na wazungu wakalitafuna jina hilo mpaka likawalainikia. Mkewe, Redempta, alishangaa. "Baba Elinaja, wenzako wanakimbia bunduki, wewe unaifuata na kofia kichwani!" Hata hivyo kizibao alikipiga pasi mwenyewe.

Kisha, majira ya baridi yaliyopita, kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza. Baadaye mkono mzima. Ambakisye hakuhitaji kuambiwa ni nini, maana mtetemo ule alikuwa ameushika miaka mingi katika mikono ya watu wengine. Kazini akamwomba mwenzake, Vestine, amsaidie kunyoa wazee, akisingizia mgongo. Kanisani mkono ukawa haukai nje ya mfuko. Aliyemgundua ni binti yake Elinaja, ambaye Kiswahili alikielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Baba, just see a doctor. Please."

"Nitaenda, mama. Mashindano yakiisha."

Alikuwa amewekeana sharti na Mungu. Katika mchezo wao bunduki huanza ikiwa tupu. Saa ikilia, unachomoa risasi mbili kwenye mkanda wa kiunoni, unazitia, unapiga. Kisha mbili nyingine, hivyohivyo, na vidole visipotii umekwisha. Basi vidole vikitii, aliwaza, huu ni uchovu tu. Visipotii, hakutaka hata kuimalizia sentensi. Ulikuwa ujinga, na alijua ni ujinga, kwa kuwa wagonjwa waliojidanganya namna hiyo alikuwa amewafunika shuka kwa mikono yake. Lakini woga hauna shule.

Siku ilipofika akaendesha gari peke yake, akaupita mji wa Champlin na kuvuka mto Mississippi hadi uwanjani. Alvin ndiye aliyeshika saa. Ilipolia, mkono wa kulia wa Ambakisye ukaenda mkanda na kurudi na risasi mbili, zikaingia, sahani mbili zikalala chini. Furaha ilimpanda hata nusura acheke. Nimepona, akajiambia, sikuwa naumwa kitu!

Bunduki zile za zamani zina tabia moja. Ukiacha kidole kwenye kifyatulio huku ukisukuma kishikio mbele, hujifyatua zenyewe zinapofunga. Kila mgeni wa klabu alionywa, na kwa miaka miwili mwonyaji alikuwa Ambakisye: kidole nje mpaka uwe umelenga. Sasa risasi ya tatu ikamponyoka, ikaanguka. Akaharakisha nyingine, akaitia, akarudisha mkono wa kulia nyuma, mkono ukaruka na kidole kikatua pale pasipotakiwa. Mkono wa kushoto ukasukuma.

Bunduki ikalia, marisau yakapasua vumbi mbele ya buti zake.

"Simama, Rungwe," Alvin alisema taratibu. "Toa zote. Nionyeshe ni tupu." Kisha, karibu kwa kunong'ona: "Leo basi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ambakisye hakusubiri kifo, aliumbuliwa mchana kweupe, amevaa kofia.

Desturi ya klabu ni kwamba aliyetolewa haondoki. Hubaki akiwaokotea wenzake maganda ya risasi. Akainama kuokota. Yalimponyoka moja baada ya jingine, na alipoinua macho akakuta watu wote wanatazama kwingine. Adabu hiyo aliifahamu. Alikuwa akiwafundisha vijana wa kazini, na hakuwahi kufikiri kwamba inauma hivyo.

Wakati wa chakula Alvin alizunguka meza na birika la kahawa. Akamjazia wa kwanza hadi ukingoni, akamjazia wa pili, wa tatu. Alipofika kwa Ambakisye akamimina, akakatisha, akaweka kikombe mbele yake na kuanza kuzungumzia theluji itakayoanguka.

Nusu.

Hapo Ambakisye akakumbuka mashindano ya mwezi uliopita, na ya kiangazi, na ya majira ya kuchipua. Katika yote alipewa nusu. Alidhani kahawa ilikuwa imepungua birikani. Kumbe Alvin alijua tangu zamani, na wengine pia, na hakuna aliyefungua mdomo. Wema huo nusura umgharimu mguu. Angemlaumu nani, ikiwa somo lilikuwa lake mwenyewe? Alitamani kulia. Alitamani mtu mmoja tu amjazie hadi juu, imwagike, imuunguze.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, kama mzee Gilbert, akanywa. Halikumwagika hata tone.