Kifuniko Kilichotupeleka Houston

Tulikwenda Houston kwa sababu ya kifuniko. Karakana yetu ndogo kusini mwa Dallas ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza sanduku la vifaa litakalofungwa nje ya chombo cha anga, na sasa mwanaanga alitakiwa kulijaribu ndani ya bwawa la mafunzo. Likikataliwa, kazi ingepewa wengine, na mimi na wenzangu tungerudi kubeba maboksi kwenye maghala ya Mesquite. Aliyeonekana hana habari ni bosi wangu, Injinia Mutiso, Mkenya mwenzangu aliyekaa Texas mpaka akaacha kusikiliza watu.

Alfajiri alinichukua nyumbani Cedar Hill. Hatujafika barabara kuu nikamkumbusha habari ya kishikio. Kwenye mchoro wangu niliweka upau wa kujishika kando ya kifuniko. Yeye akaufuta, eti unaongeza uzito.

"Makena, tulimaliza hiyo maneno," akasema. "Mtu ako na mikono mbili. Ata-manage."

Corsicana tulipita bila kusimama. Huntsville nikaomba tunyooshe miguu, akasema tuko karibu. Hatukuwa karibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Houston tulipitia kwanza kwa dada yangu Kendi, muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu. Alitulisha chapati, kisha akanitilia mkononi kopo la njugu alizokaanga mwenyewe, la kifuniko cha kuzungusha, amelikaza kweli kweli.

"Hizi ni za njia," akasema. "Kwangu mgeni hatoki mikono mitupu."

Bwawani, kabla ya jaribio, fundi mmoja aliniruhusu kuingiza mkono ndani ya glavu ya mwanaanga iliyojazwa hewa kama inavyokuwa huko juu. Kukunja vidole tu ilikuwa kama kukamua blanketi lililoloa. Nikamwita Mutiso naye ajaribu. Akasema ameshaona picha zake. Nilitamani kulia kwa hasira.

Tulitazama jaribio kwenye skrini. Mwanaanga, mama mwembamba aliyemezwa na suti nyeupe, alisogezwa na wapiga mbizi hadi kwenye sanduku letu, akiwa ananing'inia majini bila pa kukanyaga. Alishika kitasa cha kifuniko kwa mkono wa kulia, akakizungusha. Kitasa hakikuzunguka, alizunguka yeye. Mkono wa kushoto ukapapasa ubavu wa sanduku kutafuta pa kushika, usipate. Akajaribu tena na tena, kisha sauti yake ikaja kwenye spika, imechoka. Alisema hawezi. Tukapewa nafasi moja tu ya kurekebisha.

"Shida ni spring ya kitasa, imekaza sana," Mutiso akaniambia tulipofika kwenye gari. "Tutai-loosen kidogo."

"Injinia, si spring."

"Ni spring."

Nilibamiza mlango wa gari lake, na sikuomba radhi.

Wakati wa kurudi, tulipopita Huntsville, njaa ikamshika. Akachukua kopo la njugu, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, akaliweka mapajani na kuzungusha kifuniko. Kopo zima likazunguka. Akalibana kwa magoti, likateleza. Nilikaa nikimtazama, wala sikunyoosha mkono.

"Si unishikie hii kitu?"

"Na yule mama akiwa huko juu," nikamuuliza, "atashikiwa na nani?"

Aliliweka kopo kando, akaendesha mpaka Corsicana.

"Ile bar yako ya kujishika," akasema. "Uliichora side gani?"

"Ya kushoto."

"Irudishe."

Jaribio la pili kifuniko kilifunguka, na maghala ya Mesquite hayakutuona. Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumweleza mtu jambo miezi na miezi asilielewe, mpaka siku mkono wake mmoja uwe na kazi nyingine. Njugu nilizifungua mimi, nikala kwanza, ndipo nikampa.