Ripoti za Saleha

Simu ya duka ililia saa nne asubuhi pale Adams Arcade, Zena akiwa juu ya ngazi anashusha jora la kitambaa. Ilikuwa Jumatano, Agosti 1975. Aliyepiga ni shemeji yake, Amin.

"Zena, Saleha ametutoka. Alfajiri, akiwa kwenye mswala."

Zena akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akateremka, akaketi juu ya jora lenyewe. Kisha, Mwenyezi Mungu amsamehe, akacheka. Hakukusudia. Alimkumbuka dada yake tu, na kumkumbuka Saleha bila kucheka ilikuwa kazi ngumu.

Mwaka wa 1967 walipokuwa na chumba kimoja Kabiria, Saleha alikuwa mpiga taipu wa wakili mmoja mjini, na alitaka kitu kimoja tu: kuwa sekretari. Nafasi ilikuwepo, ila wakili alidai cheti cha maneno hamsini kwa dakika. Yeye alikwama kwenye thelathini na nane. Ndipo akaanza kujipima. Kila Ijumaa alijiandikia ripoti kama ya shule. Taipu, 38. Swala ya alfajiri, 60. Subira, 20. Kucheka ovyo ofisini, 99, "amekuwa wa kwanza darasani". Chini aliacha mstari wa sahihi ya mzazi, na mzazi alikuwa Zena, mdogo wake kwa miaka sita.

"Subira ishirini, dada? Na jana umeligombeza jiko?"

"Jiko ndilo lililoanza."

"Kumi na tano."

"Mzazi gani katili hivi!"

Taipu ilipimwa na Selpher, mwenzake wa ofisini aliyetoka Kakamega, mwenye saa ya mkononi na asiye na huruma.

"Unachungulia vidole kama mtu anayesaka kunguni," Selpher alimwambia. "Vifunike!"

Basi Saleha akawa anatandaza leso juu ya mikono, kila saa ya chakula, miezi mitano. Maksi zikapanda: 41, 44, 49. Alipofika 52 alicheza chakacha kati ya makabati ya faili, wakili akafungua mlango, akaufunga tena taratibu.

Siku ya mtihani msimamizi alimwamuru aiondoe leso. Akaiondoa, akamkabidhi, akavitazama vidole vyake, vyote kumi vikamgeukia wageni. Hakuna hata kimoja kilichojua A iko wapi.

"Bwana, nirudishie leso yangu. Sifichi kitu. Mimi nimesomea gizani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi akaikung'uta leso mara mbili akitafuta karatasi, akaikosa, akamrudishia. Maneno hamsini na matatu! Saleha akapata kiti chake, akakikalia miaka minane. Subira peke yake haikuvuka thelathini na tano, na Amin alipomuoa akawa mzazi mpya. Yeye, maskini, aliongeza maksi kwa woga.

Wanawake walimwosha Saleha adhuhuri ile. Zena ndiye aliyemwagia maji. Selpher aliomba ruhusa ofisini, akaja na shali kichwani, akaketi na wanawake wengine sebuleni. Walimvika sanda, wakamfukiza udi. Wanaume waliinua jeneza, wakamswalia baada ya alasiri, wakampeleka makaburini Kariokor. Wanawake walibaki nyumbani wakisoma Yasini. Kabla ya magharibi Amin alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema wameshamzika.