Safari ya Kumfukuza Mume wa Ndotoni

Ndugu zangu wa Singida, kila mkipiga simu mnaniuliza, "Mariamu, ulifuata nini huko Umasaini?" Nilifuata mtoto. Msitafute jibu lingine. Mimba mbili zimenitoka hapa Mbulumbulu, ambako mume wangu Juma anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano na mimi napalilia maharage ya watu. Baada ya ile ya pili, jirani yangu Mwiraki akawa ananiachia maziwa kwenye uzio bila kuingia ndani. Kwa mila yao, mwanamke aliyeharibikiwa mimba hukaa peke yake mpaka siku zake ziishe. Hakuwa na ubaya, lakini maziwa ya mtu anayeogopa kizingiti chako hayashuki vizuri kooni.

Tulianzia Karatu mjini. Mimi ni mtu wa kanisani na Juma ni Mwislamu, kwa hiyo tulikubaliana tuende kotekote, asibaki mtu na kinyongo. Mchungaji akaniuliza kuhusu ndoto. Nikamwambia ukweli, kwamba mara moja niliota mwanamume nisiyemjua amelala pembeni yangu. Yesu wangu! Alilirukia neno hilo kama paka aliyeona dagaa.

"Huyo ni mume wako wa rohoni," akasema. "Ndiye anayekula watoto wako kwa wivu. Fungeni na kuomba, na msikaribiane kitandani mpaka nione ishara."

Kutoka hapo tukaenda kwa shehe mwenye duka la vitambaa nyuma ya stendi. Akanisomea kwenye maji, nikanywa, akasema ni jini mahaba. Watu hawa wawili hata salamu hawapeani, lakini juu ya chumba changu walikubaliana neno kwa neno: tulale mbalimbali, na tuwe macho, maana kiumbe huyo huja na umbo la mume.

"Sura, sauti, hata harufu ya jasho lake," shehe aliniambia kwa upole. "Hapo ndipo anapowapata wengi, binti yangu."

Tuliporudi, Juma akahamia sebuleni na mkeka wake. Kila tulipodhani tumemaliza, tuliambiwa ishara haijaonekana, tukaanza upya. Masika yakapita, ngano ikavunwa, nasi tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Ndoa gani hiyo, jamani?

Aliyenitoa humo ni Naserian, Mmasai anayeuza magadi na ugoro mnadani Karatu. "Shoga, twende kwetu Enguserosambu," akaniambia. "Wanawake wanakusanyika kuombewa uzazi." Nilipomweleza Juma, aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye sahani.

Alfajiri tuliondoka Karatu juu ya fuso la mahindi. Baada ya lango la hifadhi barabara ikapanda msituni, ukungu ukatufunika mpaka dereva akawasha taa. Pale juu ya kreta watalii walikuwa wamesimama wakipiga picha shimo lisiloonekana. Mbele kidogo nyati jike alivuka na ndama wake, polepole, bila wasiwasi na mtu. Nikageuza uso. Ukikosa mtoto, hata mnyama anakusimanga.

Mchana tulishuka tambarare, vumbi tupu, twiga na ng'ombe wanakula mahali pamoja. Jioni tukafika Waso, tukalala kwa binamu yake Naserian. Asubuhi bodaboda ikatupeleka Enguserosambu.

Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mteremko wa majani, shanga shingoni, wanaimba. Naserian akawa ananitafsiria, nami nikataka kujifunika kanga usoni. Nyimbo zile zilitaja mwili wa mwanamume na wa mwanamke, kila kiungo kwa jina lake, jua likiwaka, mbele ya wazee ambao hata hawakutabasamu.

"Hii ndiyo sala?" nikamnong'oneza.

"Ndiyo yenyewe. Enkai, Mungu wetu, ndiye aliyeviumba. Sasa unataka tumfiche?"

Mzee mmoja akapita akitunyunyizia maziwa kwa kishada cha majani. Mama yake Naserian akanipaka mafuta tumboni, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Mume yako iko wapi?"

"Yuko nyumbani, yeyo," nikamjibu kwa neno lao la mama. " Tumekatazwa kulala pamoja."

Naserian alipotafsiri, wanawake waliangua kicheko. Halafu wakaniangalia usoni, wakanisogelea.

"Sasa mtoto tapita wapi?" mama akauliza. "Mimi naomba Enkai. Lakini kitanda iko ya wewe. Rudi nyumbani."

Nililia palepale, hasira na aibu pamoja. Mwaka karibu mzima tumelinda kitanda kisicho na mtu! Njia nzima ya kurudi sikuona kreta wala wanyama, nilimwaza Juma tu.

Nilifika Mbulumbulu mchana, mvua inapiga bati. Juma alikuwepo, maana trekta haiingii shambani kukiwa na tope. Nikamsimulia yote, na aliposikia swali la yule mama alicheka, kicheko nilichokuwa nimeshakisahau. Akafunga mlango, akaja kunishika bega. Mkono wake ulinuka dizeli, na mimi nilimtaka, Mungu ni shahidi. Lakini lile onyo likanirudia. Hata harufu ya jasho lake, shehe alisema. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

"Mariamu, ni mimi."

"Hata yeye angesema hivyo."

Juma akaondoa mkono. Akasimama pale, mvua ikinyesha nje, akaniuliza taratibu, "Sasa nikuthibitishie kwa kitu gani?"

Sura, sauti, jasho, vyote tulikwisha kumpa yule mwingine.

Tulijaribu tena, si mara moja. Kila akinigusa, nakemea. Mwishowe akaomba kazi kwenye shamba la huko Daa, akaondoka na mkeka wake, bila ugomvi. Ananitumia salamu.

Mnataka kujua nilichojifunza? Maombi yana nguvu, ndugu zangu. Nilihangaika huku na huko kumfukuza mume, na mume ametoka. Ila aliyetoka ni Juma.