Mtu Aliyesimama Ndani ya Kopo

Picha niliyoipiga kwa kopo la bia ilichukua majira yote ya baridi kukamilika, na ilipokamilika alikuwamo mtu.

Utauliza ajabu iko wapi. Picha nyingi zina watu.

Ajabu ni kwamba kamera ya namna ile haioni watu.

Unachukua kopo tupu, unalitoboa tundu kwa ncha ya sindano, unatia karatasi ya picha ndani, unaliziba kwa tepu nyeusi, kisha unalifunga mahali na kulisahau kwa miezi. Mwanga unaingia kidogo kidogo. Jua linajichora kila siku, mstari juu ya mstari. Majengo yanatokea. Miti inatokea. Magari, mbwa, watoto wanaorushiana theluji, hao wote wanafutika, kwa sababu hakuna anayekaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama.

Ili uonekane katika picha ile ni lazima usimame. Mahali pale pale, siku baada ya siku.

Mtu wangu alikuwa amesimama dirishani, na uso wake ulielekea kwetu.

Niwe wazi mapema: siamini mizimu. Kwetu, mji mdogo wa kaskazini mwa Ufini, watu wanaamini mambo mawili, sauna na utabiri wa hali ya hewa, na hilo la pili kwa mashaka.

Ilikuwa kazi ya darasa la sanaa, mwaka wangu wa pili wa sekondari ya juu. Mwalimu wetu Tellervo, ambaye tulimwita kwa jina tu kama tunavyowaita walimu wote, aliigawa kazi sehemu mbili: mikono kwanza, kompyuta baadaye. Karatasi ikitoka kwenye kopo haioshwi kwa dawa. Inapitishwa kwenye skana mara moja, maana mwanga wa skana nao unaiunguza, na yaliyobaki yanafanyika kwenye kompyuta. Picha bora zingetundikwa ukumbini kwenye maonyesho ya machipuko, wazazi waje, wazitazame, wale mikate ya iliki.

Kopo langu nililifunga kwenye roshani yetu wakati wa likizo ya vuli. Jengo letu la fleti lina umbo la herufi U na linatazama kusini. Sisi tunakaa katikati, ngazi B, maana kila sehemu ina mlango na ngazi zake. Mabawa mawili, A na C, yametokeza kushoto na kulia, yamefanana kama soksi za jozi moja. Kila bawa lina dirisha refu kwenye ngazi, karibu na roshani yetu kiasi cha kuweza kumrushia mtu chungwa akalidaka.

Bia yenyewe aliinywa baba.

"Najitolea kwa ajili ya sanaa," alisema, akafuta povu mdomoni.

Baada ya hapo sikumsikia akitania tena kwa muda mrefu.

Siku ya skana nilichelewa darasani, nilikuwa kwa daktari wa meno. Maelezo ya Tellervo yalikuwa yamekwisha, nikafuata akili yangu. Picha ilikuwa juu chini, nikaizungusha. Rangi zilikuwa kinyume, nikazibadilisha.

Likatokea anga lililochanwachanwa na jua. Likatokea bawa la kushoto, likatokea bawa la kulia.

Na katika dirisha la ngazi la bawa la kushoto, kichwa na mabega.

"Saimi," alisema Onerva, rafiki yangu tuliyekaa meza moja. "Huyo nani?"

"Doa."

"Doa lina mabega?"

"Unyevu umeingia."

"Unyevu umevaa kofia? Usinitanie, shosti."

Nikaikuza picha. Ilikuwa kofia kweli.

"Ngazi A anakaa nani?" akauliza Onerva, kwa sauti iliyoanza kushuka.

Nilimjua. Kyösti Lampela, mwanamume anayeishi peke yake, mwindaji, mwenye kabati la bunduki na salamu ya kutikisa kidevu. Kitanda changu kiko nyuma tu ya mlango wa roshani yetu.

Nilirudi nyumbani nikashusha pazia, nikakaa gizani kufikiri kama mtu mzima.

Desemba yetu ina mwanga wa saa chache tu. Gizani picha haijichori. Kwa hiyo mtu asingehitaji kusimama usiku na mchana. Ingetosha asimame saa zile chache za mwanga, kila siku, bila kuchoka.

Hesabu hiyo iliniondolea mizimu. Ikaniletea kitu kibaya zaidi, yaani mtu.

Mchana ule theluji ya paa ilikuwa ikidondoka, na kila ilipopiga sakafu ya roshani nilisikia hatua ya mtu. Sikuthubutu kufunua pazia. Nilikuwa na hakika kwamba nikifunua nitamkuta, na hakika hiyo haikuhitaji ushahidi wowote. Ndivyo woga unavyofanya kazi, na kuusoma vitabuni hakukunisaidia kitu.

Wakati wa chakula cha jioni nikasema.

Mama alikuwa nyumbani tangu vuli, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimwambia atembee, akatembea: kila adhuhuri, kwa fimbo, juu ya barafu, hadi dukani kununua maziwa. Friji yetu ilijaa maziwa hadi kwenye mlango. Nilikuwa nikimwambia tufungue kiwanda cha jibini.

Baba alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha karatasi saa yake ya kawaida, na mfuko wake wa kawaida.

"Kuna mtu anatuangalia," nikasema. "Nimempata kwenye picha ya kopo. Anasimama kwenye dirisha la ngazi."

Kijiko cha baba kikasimama hewani.

"Ngazi ipi?"

"A. Nadhani ni Lampela. Onerva anasema twende polisi."

Kijiko kikashuka polepole. Baba alikuwa amepauka hadi masikioni.

"Polisi wa nini? Acha kwanza, mwanangu. Nitaongea naye mwenyewe."

Mama aliinuka kwa taabu, akafungua friji, akaleta maziwa mezani. Maziwa yalikuwa tayari mezani.

Onerva hutunza siri kama chujio linavyotunza maji. Kesho yake shule nzima ilijua, na kesho kutwa mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa Lampela: MCHUNGULIAJI.

Nilikutana naye kwenye kibanda cha taka. Nilikuwa na mfuko mkononi, yeye alikuwa amesimama mlangoni, na kibanda kile kina mlango mmoja.

"Wewe ndiye binti wa picha," alisema.

Niliushika mfuko wa taka kwa mikono miwili.

"Mimi ngazi sizipandi. Goti limekufa, natumia lifti. Muulize yeyote." Alikuwa akihema. "Miaka yote hii nakaa hapa, sijamdhuru mtu. Leo mtoto wa ghorofa ya chini akiniona anakimbia."

"Samahani," nikasema. Nilimaanisha: nipishe.

"Na mama yako kaniletea maziwa jana. Lita mbili. Kaweka mlangoni, kaomba radhi, kaondoka. Nyinyi watu mna nini?"

Akanipisha. Nilitembea hadi pembeni mwa jengo kwa heshima, kisha nikakimbia.

Hapo sasa nilikuwa na hofu mbili. Kama ni yeye, nalala karibu na mtu hatari aliyekasirika. Kama si yeye, nimemharibia mtu jina, na aliyesimama bado amesimama.

Kabla ya likizo ya kuteleza thelujini Tellervo alipita mezani kwangu kuchagua picha za maonyesho. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo bora ya mwaka," alisema. "Hujaigeuza tu."

"Nimeizungusha."

"Kuzungusha si kugeuza, Saimi. Karatasi unaitazama kwa mbele, upande uliopigwa na mwanga, kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia. Ni kama unajitazama kwenye kioo. Nilieleza siku ile."

"Siku ile nilikuwa kwa daktari wa meno."

"Basi leo unang'olewa jino la pili. Bonyeza hapo."

Nikabonyeza.

Jua halikubadilika. Mabawa yalipishana bila kuacha dalili, kwa kuwa yamefanana. Ila mtu wangu aliruka kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia.

Ngazi C.

Lampela hakuwa na kosa lolote. Na huyu wa ngazi C sikuwa nimemwogopa hata siku moja, kwa sababu kila siku nilikuwa nimempa mgongo.

Tulitoka shule mapema siku hiyo. Nilipofika uani jua lilikuwa bado juu ya paa, na sikwenda nyumbani. Kama ningekwenda nyumbani ningeshusha pazia, na mlango wa Lampela ungebaki na lile neno.

Mlango wa ngazi C unafunguka kwa namba ile ile ya mlango wetu. Ndani palikuwa na joto na harufu ya kahawa. Nilishika vyuma vya ngazi, nikaanza kupanda nikikanyaga kwa ncha za vidole. Juu kulikuwa na mtu anayepumua.

Nilijiambia ni mabomba. Mabomba hayavuti makamasi.

Kwenye kona ya mwisho nikamwona. Mgongo mpana, koti jeusi, kofia ya sufu. Amesimama dirishani, hatikisiki, uso kwenye kioo. Alitazama roshani yetu, mlango wangu, pazia langu.

Nilitaka kukimbia, mguu mmoja ukakubali, mwingine ukakataa. Kiatu kikagonga chuma.

Yule mtu akakohoa.

Kikohozi kile nimekisikia nyuma ya ukuta wa chumba changu tangu nikiwa mdogo.

"Baba?"

Hakugeuka mara moja. Alifunga kwanza kifuniko cha chupa yake ya kahawa, kwa uangalifu mkubwa.

"Mashine yetu waliizima Oktoba," alisema. "Wote wa zamu yangu tukaachishwa kazi."

"Lakini unatoka kila asubuhi."

"Natoka."

"Unakuja huku?"

"Pana joto. Na naona mama yako anapotoka. Akitoka naingia, nakula, nanyoosha mgongo kidogo. Akirudi nimeshaondoka."

"Kwa nini usimwambie?"

"Kwa nyonga ile? Nilingoja siku nzuri." Akatazama nje. "Hazikuwa nyingi."

Nilimkasirikia kwa woga wote ule. "Lampela wamemwandikia mlangoni."

"Najua. Nimekwenda mara mbili hadi kwenye kitasa chake."

"Picha itatundikwa. Naweza kuikata upande huu, usionekane. Ila nikikukata, Lampela anabaki nalo lile neno."

Baba alivua kofia, akaizungusha mikononi.

Chini uani, mama alitokea mlangoni na fimbo yake, akaanza safari ya maziwa.

"Usikate," alisema baba.

Jioni ile alikwenda ngazi A na kopo la rangi na brashi, akakaa huko muda mrefu kuliko mlango mmoja unavyohitaji.

Kwa mama hakusema kitu. Wiki zikapita, theluji ikaanza kuoza, bado hakusema. Kila adhuhuri fimbo ilikwenda dukani. Na mimi nikaogopa upya, safari hii kwa ajili ya nyumba yetu.

Siku ya maonyesho picha ilitundikwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango. Lampela alikuja na goti lake, akaitazama, akasema, "Nilisema lifti," akaenda kula mkate wa iliki wa tatu.

Mama alisimama mbele ya picha akiegemea fimbo. Baba alikuwa kando yake, kofia mkononi.

"Kofia imetoka vizuri, Raimo," alisema mama.

"Nina jambo la kukwambia. Tangu vuli..."

"Dirisha la jikoni linatazama ngazi C," mama akamkatiza, macho yake bado ukutani. "Hebu niambie. Nyumba ya watu watatu inakunywa maziwa kiasi gani?"

Baba aliweka mkono wake juu ya ule ulioshika fimbo, na wakasimama hivyo, hawasogei, muda ambao hata kopo lingewaona.

Wanaoniuliza funzo nawapa haya machache. Kabla hujamtaja mtu aliye katika picha yako, hakikisha umeigeuza. Na ukiona mgonjwa wa nyonga anavuka barafu kila siku kununua kitu kilichojaa nyumbani, usimcheke kama nilivyomcheka mimi. Huenda hafuati maziwa. Huenda anamwachia mtu mlango wazi.