Maumivu ya Kamba

Mama yangu alikimbia vita kutoka Gety na mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba tangu usichana. Alipofika kwangu Rwambuzi, hapa Bunia, alikuwa amepita umri wa kumkimbiza hata kuku. Kwa hiyo alipoanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma kando, juu ya masikio, nani angeshangaa?

"Ni kamba ya muzigo," alisema mwenyewe. "Itapita."

Majirani wote walikubali. Katika mtaa ule uliojaa wakimbizi, kila mwanamke alikuwa na kamba yake ya kulaumu. Nilimkanda kwa maji moto. Asubuhi mikono yake ilikataa kupanda, nikawa namvalisha blauzi kama mtoto mchanga. Jua likishakuwa kali ugumu ulimtoka, naye akanitania kwamba nimemvalisha ovyo. Kisha akaanza kuacha nyama na mihogo, akisema taya imechoka. Tulidhani anatuachia sisi chakula, maana vita viliwafundisha akina mama wote uongo huo. Nilimpenda zaidi kwa hilo, na mpaka leo linanichoma.

Asubuhi moja jicho la kulia likazimika. Siku hiyohiyo risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati, tukalala sakafuni bila kuweza kutoka, na hospitali haikuwa mbali hata kidogo. Risasi ziliponyamaza, jicho la kushoto nalo lilikuwa giza.

Hospitalini, daktari alimgusa kando ya kichwa, taratibu.

"Mama, kama uko unatafuna, taya inachokaka?"

"Sana."

"Na asubuhi mikono inakataaka kupanda?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Daktari akanieleza kwamba ni ugonjwa unaowapata wazee: mwili wenyewe unashambulia mishipa yake ya damu, hata ile inayolisha macho. Dawa ipo, lakini ilitakiwa kufika kabla ya giza. Nilitaka kumpiga mtu, sikujua nani.

Dawa ile ilirudisha mikono upesi, na upesi huo nao uliniuma. Mama aliinyanyua yote miwili, akanishika mashavu, akapapasa shingo, mabega, mpaka mbavu.

"Mutoto yangu," alisema, "umekonda hivi, na miye sikuona?"