Nilifungua milango kimyakimya, mtani wangu akabaki na lawama

Admin, nifiche jina, Mtwara yetu ndogo hii. Mimi ni baba wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Rahaleo, kipara na kitambi vyote ninavyo. Ni fundi kompyuta wa ofisi moja ya kusafirisha korosho. Kompyuta zenyewe za chogo, zile za kizamani, lakini nikipita naitwa "mtaalamu", na mimi navimba.

Kuna dada pale, nitamwita Somoe. Yeye Mmakonde, mimi Myao, watani. Kazi yake ni kutuma mafaili ya mizigo Dar kila alasiri. Majuzi makao makuu wakataka tutume kwa njia ya siri, mtu asiweze kuyasoma njiani. Tangu hapo yakagoma. Somoe anaingia vizuri, nywila inakubaliwa, akibonyeza kutuma, kimya mpaka laini inakatika.

Bosi, ambaye ni mgeni huku, akaja juu: "Tatizo nini?" Nami kwa mazoea nikaropoka, "Bosi, Mmakonde na kompyuta wapi na wapi? Mpe gogo achonge!"

Somoe akacheka. "Toka hapa, Myao! Nywele zimeondoka na akili."

Bosi hakucheka. Kesho yake akamhamishia mapokezi, na mkataba wake ukiisha haongezewi.

Ndipo nikakaa kuchunguza. Lahaula! Firewall, ule ukuta unaolinda mtandao wetu, niliubana mwenyewe ili watu wasishushe nyimbo. Niliacha mlango mmoja tu, wa kupigia hodi, ndipo nywila inapopita. Mafaili hupita milango mingine. Zamani ukuta ulisikia mazungumzo ya kompyuta yetu na ya Dar, ukafungua wenyewe mlango unaotakiwa. Sasa mazungumzo ni ya siri, hausikii kitu. Nikafungua milango, nikanyamaza. Siku hiyohiyo mama wa masijala ndiye aliyekalia kiti cha Somoe. Mafaili yakapita yote.

Bosi akapiga makofi: "Mnaona? Tatizo lilikuwa mtu!"

Kweli lilikuwa mtu. Mtu mwenyewe mimi.

Jana Somoe kaniletea ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kuchemsha. "Kula, mtani. Nikirudi Likombe kulima mihogo uje kunisalimia, maana wewe ndiye uliyenifukuzisha." Yeye anatania, habari za ukuta hazijui! Nikacheka naye, ming'oko nikairudisha kwenye mfuko.

Nikisema, huenda nikafukuzwa mimi, na wanangu bado wanasoma. Nikinyamaza, mkataba wake unaisha Ijumaa. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nishaurini, ila msinitanie. Utani nimekoma.