Kitambaa Cheupe cha Benchi la Pili

Habari ya kifo chake ilinikuta nimeinama juu ya beseni, mikono imejaa povu la nepi, na ilinifikia ikiwa imekwisha kupambwa. Jirani yangu hakuniambia kwamba yule mama muuza samaki wa maporomoko amekufa. Aliniambia, "Yule mujane mutakatifu amepumuzika." Nikamwuliza amekufa na nini. Hakujua, homa, labda. Lakini utakatifu wake aliujua wote, akanihesabia mmoja mmoja huku maji yangu yakipoa: hakutazama mwanamume, hakulalamika, hakuvua kitambaa chake cheupe tangu alipofiwa. Mimi sifa zinazofika kabla maiti haijaoshwa sizifungulii mlango upesi. Nataka kwanza kujua zimetumwa na nani. Wasomaji wa safu hii mnanijua. Wengine wenu mmeniletea ujumbe kwamba mwanamke anayenyonyesha asiandike kwa hasira, maziwa yatachacha. Ahsanteni, mtoto ananenepa.

Nilimjua kwa sababu ya samaki. Alikuwa wa watu wa maporomoko, na mume wake alikuwa na mahali pake katikati ya maji makali, pale ambapo kila ukoo una miti yake iliyosimikwa kwenye mawe na vikapu vyake vikubwa vinavyoning'inia. Msimu mmoja maji yalijaa kuliko kawaida, yakamchukua mume, yakaacha miti. Yeye wakati huo alikuwa bado msichana tu, umri wake haujafika wangu wa leo, na binti mmoja mgongoni. Anayekaa karibu na mto huu anajua kwamba mahali pa kutegea hapauzwi. Panarithiwa, na kwa wanaume wengi mjane huenda pamoja na mahali hapo, kama kamba inavyokwenda na kikapu. Matanga hayajavunjwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye mke wake nyumbani, alikuja kukaa mbele yake. Yeye mwenyewe alinisimulia sokoni huku akigeuza samaki wake ili upande ulioiva vizuri utazame wanunuzi. "Aliniambia, kikapu ya kaka iko yangu, kamba iko yangu, na weye pia. Nikamujibu, bon, kikapu chukua. Miye siko kikapu." Akacheka mpaka muuza kwanga, mikate ya muhogo, wa meza ya pili naye akacheka bila kujua kisa.

Alikimbilia misheni. Kule walikuwa wameanzisha jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu. Benchi la kwanza ni la watawa na wasichana wanaojiandaa kuwa watawa. Benchi la pili ni la wajane walioahidi mbele ya altare kwamba hawataolewa tena, na kila mmoja hufungwa kichwani kitambaa cheupe cha kanisa. Kuanzia la tatu mpaka mlangoni ni sisi wenye waume, pamoja na watoto wetu wanaokohoa. Tumefundishwa sababu: mbegu iliyoanguka kwenye udongo mzuri huzaa mia, au sitini, au thelathini, na padri wetu hufafanua kwamba mia ni mabikira, sitini ni wajane, thelathini ni wenye ndoa. Kwa hiyo mimi ni thelathini. Nimewekwa karibu na mlango ili thelathini yangu ikilia niitoe nje.

Lakini nitasema kweli, maana sitaki mtu aseme nakichukia kitambaa. Kitambaa kile kilimwokoa. Shemeji hakuthubutu kukigusa, kwa kuwa nyuma ya kitambaa yuko padri, na nyuma ya padri yuko askofu, mzungu mwenye kofia. Alilala nyumbani mwake na mtoto wake, akafunga mlango, na mlango ukabaki umefungwa. Kanuni ya kitambaa ilikuwa moja tu. Mjane atakayetaka kuolewa lazima akirudishe mwenyewe, amkabidhi padri kwenye mlango wa kanisa, watu wote wakiona. Tangu benchi lilipowekwa hakuna aliyekirudisha. Padri alikuwa akilitaja jambo hilo kwa furaha. Mimi nilikuwa nikilisikia kama mtu anayesifu mtego kwamba samaki wake hawatoki.

Akatokea fundi wa mitumbwi kutoka Yanonge, mtu mzima, aliyefiwa na mke, mbatizwa. Alikuwa akipanda mto kuleta mitumbwi, na kila alipofika alikula samaki wa mama yule akiwa amesimama, hata kama kiti kipo. Safari moja alimletea kikwembe, kitenge cha kijani chenye ndege. Mama yule alikificha chini ya gunia la chumvi, akanionyesha upindo tu, haraka, kama mtu anayeonyesha kidonda. Jumapili iliyofuata, katika mafundisho ya akina mama baada ya misa, aliinua mkono. Hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Mon père, Mtume alisema wajane vijana waolewe, wazae. Iko kweli ama nimesikia mubaya?"

Padri alisema ni kweli, ila Mtume aliwahurumia wenye moyo dhaifu. Kwingine alisema mjane atakuwa na heri zaidi akikaa alivyo. "Wewe uko kwenye sitini, mwanangu. Unataka kushuka kwenye thelathini?"

"Mon père," alisema taratibu, "mahindi ya thelathini nayo inapikwa. Watu wanashiba."

Tulicheka nyuma kule. Benchi la pili halikucheka, na mkuu wao, mama mrefu mkavu asiyepepesa macho, aligeuka kututazama mpaka tukanyamaza. Nikamweka moyoni kama adui.

Sasa sikilizeni nani aliyepiga kelele kuliko wote baada ya hapo. Si padri. Ni shemeji. Yule yule aliyetaka kumrithi pamoja na kamba sasa alizunguka mtaa mzima akilia kwamba ahadi ya Mungu haivunjwi, kwamba ukoo utaaibika, kwamba kaka yake atageuka majini. Nikajiuliza mtu huyu ameupata lini uchaji huu. Jibu lilikuwa linafuka moshi uani kwake. Muda wote ule mama yule, na kitambaa chake kichwani, ndiye aliyekausha samaki wa vikapu vya marehemu, akawauza, akalisha nyumba ya shemeji. Akienda Yanonge, mikono yake inakwenda naye. Shemeji alishindwa kumpata kwa mila, akampata kwa sakramenti, wala hakulazimika hata kumpa heshima ya mke. Padri alipata mfano wa kuhubiria na shemeji akapata chakula. Fundi alikuja, akaja tena, akakuta kitambaa bado kiko kichwani, kisha akaacha kuja. Tulisikia ameoa kwao. Simlaumu.

Mimi nilisomeshwa na watawa, na hawa walinifundisha zaidi ya walivyokusudia. Najua kwamba ugomvi huu ni wa zamani kuliko mawe ya kanisa letu. Wakristo wa kwanza waligombana juu ya mambo haya haya. Mtume alisema mjane akae, na Mtume huyo huyo akasema yuko huru kuolewa, na kwenye orodha ya wajane wa kanisa waandikwe wazee, si vijana. Waliokuja baadaye wakavutana. Kuna waliosema ndoa ya pili ni uzinzi uliovaa vizuri, na kuna waliowajibu kwamba asemaye hivyo anamtukana Mungu aliyeifanya ndoa. Mwalimu mmoja wa kale, Mwafrika wa upande wa kaskazini, alimwandikia mke wake akimsihi asiolewe tena atakapokufa yeye. Mtazameni mwanamume huyo. Yu hai, anakula ugali wa mke wake, na tayari amesimama mlangoni kumzuia bwana atakayekuja baada ya mazishi. Maneno yake yametunzwa na watu wenye elimu mpaka leo. Jibu la mke halikutunzwa na mtu. Niliwahi kumwuliza mtawa aliyetufundisha, akaniambia nikafagie darasa.

Siku moja sokoni, mvua imetukusanya chini ya turubai moja, aliniambia, "Mama Gazeti, nikikufa, usiache banizike na ile kitambaa. Unifunge kikwembe yangu." Nikamwambia asiseme ya kufa. "Kila mutu anakufa. Miye nasema ya kuvaa." Nikaahidi. Ndiyo maana niliacha nguo kwenye beseni, nikambeba mtoto, nikaenda matangani nikiwa tayari kupigana.

Walikuwa wamemwosha. Alilala amefungwa kitambaa cheupe kipya kilichonyooshwa kwa pasi, na mkuu wa wajane alikaa kichwani pake. Shemeji alisimama mlangoni. Nilipotaja kikwembe alinizibia njia. "Mama Gazeti, hii iko mambo ya famille."

"Famille gani? Si ulisema yeye ni wa kanisa?"

"Ni wa kanisa."

"Donc toka, uachie kanisa."

Mtoto wangu akaanza kulia, na mimi nilikuwa karibu kulia. Mkuu wa wajane akauliza, bila kunitazama, marehemu aliniambia nini hasa. Nikamwambia neno kwa neno, pamoja na mvua na turubai. Kisha akasema wanaume wote watoke nje, hata shemeji, na alipokuwa akisita akamwambia, "Weye umekula samaki yake ya kutosha. Toka." Nilikitoa kikwembe chini ya gunia. Kilinuka chumvi na moshi, ndege wake hawakuwa wamepauka. Yule mama mrefu alifungua kitambaa cheupe kwa mikono yake, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Tukamfunga kikwembe kuanzia kifuani. Nilimwuliza kwa nini ananisaidia. "Unafikiri ni yeye peke yake aliyeficha kitu chini ya gunia?" akasema, akaendelea kufunga.

Jeneza lilipofika kanisani, padri alikuwa mlangoni na maji ya baraka. Mkuu wa wajane alitangulia, akamnyooshea kitambaa kilichokunjwa, watu wote wakiona.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni kitambaa yake, mon père. Anarudisha."

"Lakini amekufa."

"Ndiyo, mon père. Amechelewa kidogo."

Padri alikishika. Nadhani hakujua akiweke wapi, maana aliingia nacho mpaka altare kikiwa mkononi. Siku ile hakuhubiri mia wala sitini. Alisema kwa ufupi kwamba dada yetu alifanya kazi sana, jambo ambalo ni kweli, akaanza kuimba. Sijui aliona aibu au alikasirika tu, na sitamsifu kabla sijajua.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna binti, yule aliyekuwa mgongoni. Sasa ni mkubwa, anakausha samaki pale pale uani, na baada ya mazishi nimewasikia watu wakisema ana utulivu, anafaa benchi la kwanza. Shemeji anasema hivyo kuliko wote. Huenda msichana anautaka ubikira kwa moyo wake wote, na kama anautaka, aende, nitamsindikiza mpaka mlango wa konventi. Sina ugomvi na mia, wala sitini. Ila aulizwe yeye, na anayemwuliza asiwe mtu anayekula samaki wake.